Sabuni Iliyokula Kifuniko cha Sufuria

Wanangu mnaoanza kazi ya ukunga, juzi mmoja wenu alinifuata nyumbani kwangu Matiri, akanikuta naanika kahawa. Akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Bibi, mama mjamzito aoge na sabuni gani?" Nikamjibu kwa ufupi: sabuni ya kawaida na maji ya kutosha. Akaandika kwenye simu yake, akashukuru, akaenda zake. Nikabaki nageuza kahawa huku moyo unanisuta. Jibu lile fupi mimi lilinigharimu sana kulipata. Kabla ya hapo nilikuwa natoa jibu jingine, la makosa, kwa sauti kubwa, mbele ya kliniki nzima, na kuna mama mmoja aliumia kwa sababu yangu.

Basi kaeni niwaeleze yote.

Nilipangiwa zahanati moja ya ufukweni, mwendo wa saa chache kwa miguu kusini mwa Mbamba Bay, nikiwa msichana wa milimani anayeogopa hata mawimbi madogo. Watu wa ziwani walinicheka. Nilikuwa naenda kuchota maji kama paka, nakanyaga, narudi, nakanyaga tena. Kinyasa chao sikukijua, na wao Kimatengo changu cha milimani hawakukitaka, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili na kwa vidole. Mama akishika kiuno na kukunja uso, nilijua uchungu umeanza, hakuna haja ya tafsiri.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Haule, mganga msaidizi, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mengi ninayoyajua alinifundisha yeye, na zaidi alinifundisha kwa kunyamaza. Wiki yangu ya kwanza nilivunja kipimajoto. Zebaki ikatawanyika sakafuni, vitone vinakimbizana kama shanga za fedha. Nikapiga magoti nikaanza kuviokota kwa vidole, nafurahi kama mtoto. Mzee Haule akanishika mkono. "Simama. Fungua madirisha. Vua pete." Nilikuwa na kipete chembamba cha dhahabu alichoniachia mama yangu. Nilichelewa kukivua, upande mmoja kilikuwa kimekwisha kuwa cheupe. Akachukua karatasi mbili ngumu, akasukuma vile vitone pole pole hadi kwenye chupa yenye maji, akafunga kizibo. "Hii kitu," akasema, "inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi, na ikiingia haina haraka ya kutoka." Nikaandika kwenye daftari langu. Kuandika niliandika. Kuelewa nilikuja kuelewa baadaye sana.

Miaka ile sabuni ilikuwa ya kutafuta. Duka la ushirika likiletewa boksi, linagawanywa kwa kaya, kila nyumba kipande kama kidole gumba. Watu walifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu. Gauni langu jeupe la kazi nililifua kwa majani hayo mpaka likawa na rangi ya chai ya maziwa, na siku moja mkaguzi alipokuja aliniuliza kama nimebadilishiwa sare. Kabla ya kuzalisha tulinawa kwa maji ya majivu, ngozi ya mikono inapasuka. Watoto walipata upele, vitovu vilioza. Kwa hiyo mtu akiniletea sabuni, mimi nilikuwa namwona kama ameniletea dawa.

Ndipo ukaja wakati ambao watu waliuita ruksa. Ninyi mmeusoma shuleni kwa jina la soko huria. Sisi tuliuona dukani kwa Bwana Hyera. Duka lake lilikuwa la chumvi na viberiti. Ghafla likajaa vitu. Khanga, betri, biskuti, na sabuni za rangi zote, nyingine zimepanda malori kutoka Songea, nyingine zimevuka ziwa. Ungeingia mle ungesikia harufu mpaka unapiga chafya. Wanawake walikuwa wanaingia kunusa tu na kutoka.

Katika zile sabuni kulikuwa na moja iliyoitwa ya dawa. Kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya mtu amevaa koti jeupe, na maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba inaua vijidudu. Niliisoma pale mbele, kwa haraka, nikiwa nimesimama dukani. Sikugeuza boksi. Siku ya kliniki nikasimama mbele ya wajawazito, nikainua ile sabuni juu. "Mama zangu, shida zetu za upele na vitovu zimepata mwarobaini. Ogeni na hii. Pakeni povu mwili mzima, liacheni likauke kidogo, ndipo msuuze." Hilo la kuliacha likauke nililitoa kwenye boksi, nikalisema kana kwamba nimelisomea chuoni.

Niliitumia na mimi. Baada ya miezi uso ukang'aa, watu wananisifu, na sikutaka kujiuliza kwa nini sabuni ya kuua vijidudu inang'arisha ngozi. Sifa zilinipendeza. Msinicheke, hata ninyi mna vitu vyenu.

Kati ya wanawake walionisikiliza alikuwa Adelina. Alikuwa na mimba yake ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa, na hiyo ya pili aliilinda kama mtu anayebeba yai kiganjani. Kila nilichosema alikifanya mara mbili. Nilisema ale mboga, akala mboga mpaka mume wake akalalamika. Nilisema apumzike mchana, akalala kwenye mkeka mbele ya nyumba ili nikipita nimwone. Na nilisema aoge na sabuni ya dawa, akaoga nayo asubuhi na jioni, na akaliacha povu likauke kweli kweli.

Mimba ilipofika mwezi wa saba alikuja kliniki na uso umevimba. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki. Siku hizi mnachovya karatasi kwenye mkojo, mnatazama rangi, mmemaliza. Sisi tulikuwa tunachemsha. Unaweka mkojo kwenye kichupa, unakipasha juu ya taa ya spiriti, unatia matone ya asidi ya siki, unatazama. Wa Adelina uliganda ukawa mzito kama ute wa yai. Nikaita, "Mzee, kifafa cha mimba."

Mzee Haule akaja, akampima presha mwenyewe. Akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia. Akakaa.

"Presha iko wapi?" akaniuliza.

"Ni ya kawaida, Mzee."

"Kifafa cha mimba kina presha. Huyu hana." Akamgeukia Adelina. "Binti, nini kingine kinakusumbua? Hata kama ni kidogo."

Adelina akaona haya. "Mdomoni, Bwana Mganga. Nasikia ladha kama nimelamba msumari. Na mikono." Akanyoosha vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka, kidogo tu, kama majani upepo unapoanza. "Siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Mama mkwe anasema nimekuwa mvivu."

Tulimwambia apumzike nyumbani, asile chumvi, na mimi nitapita kila baada ya siku mbili. Yule mtu ambaye mwili wake ulikuwa unaharibika tulimrudisha kulekule kwenye kitu kinachomharibu, tena nikamwambia kwa mdomo wangu, "Na usafi uuzingatie."

Mara ya tatu nilipokwenda kumtazama, nilimkuta mama mkwe wake, Bibi Salome, amesimama uani ameshika kiuno. Bibi Salome alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, Nesi. Umekuja wakati mzuri. Njoo uone sabuni yako ilichonifanyia."

"Sabuni yangu, Bibi?"

"Si wewe uliyewaambia waoge nayo? Huyu mkwe wangu ameona sabuni ya kizungu haiwezi kukaa kwenye jiwe. Amechukua kifuniko changu cha sufuria, amekigeuza, ameweka sabuni yake humo, huko bafuni. Tazama!"

Akanipa kifuniko cha alumini. Mahali pale sabuni ilipokuwa imekaa kulikuwa kumeota kitu cheupe, laini, kama ukungu wa mkate au pamba ya kuchambuka. Nikakipangusa kwa kijiti. Chini yake bati lilikuwa limeliwa. Nikasukuma kile kijiti kidogo, kikatokea upande wa pili.

"Sufuria nimepikia miaka kumi," Bibi Salome akasema. "Imekula ugali, imekula samaki mbasa, imekula moto. Haikutoboka. Sabuni ya miezi mitano imetoboa kifuniko chake. Sasa wewe msomi niambie, kitu kinachotoboa sufuria, kinamfanya nini mtu?"

Nilimwomba kifuniko, nikamwomba Adelina boksi la sabuni, naye alikuwa amelitunza vizuri ndani ya Biblia likiwa limekunjwa, maana lilikuwa zuri. Nikaondoka karibu nakimbia. Njia nzima nilikuwa nalitazama lile boksi, na kwa mara ya kwanza nikaligeuza nyuma.

Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mzee Haule aliyasoma karibu na dirisha, herufi moja moja. Kulikuwa na onyo kwamba sabuni isigusane na vito wala vyombo vya alumini. Na katika orodha ya vilivyomo kulikuwa na maneno mawili: mercuric iodide.

"Mercuric," akasema. "Unajua hiyo ni nini?"

"Ni zebaki, Mzee."

Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Nani aliyewaambia waoge nayo?"

Nilitaka kusema boksi. Nilitaka kusema Bwana Hyera. "Mimi," nikasema.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alisema, "Basi ni wewe utakayewaambia waache. Lakini kwanza tumpeleke huyu mama hospitali ya Mbinga."

Asubuhi yake lilikuwepo lori la dagaa linapanda. Tukamweka Adelina mbele kwa dereva, mimi nikakaa naye nimemshika kwenye zile kona za mlimani, magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani, nyuma yetu yananuka mpaka macho yanatoka machozi. Au labda hayakuwa magunia. Alipoona nalia akaniuliza, "Nesi, nitakufa?" Nikamwambia kweli yote, kwa sababu sikuweza kuibeba peke yangu: kwamba ni ile sabuni, kwamba ina sumu, kwamba mimi sikujua na nilipaswa kujua. Kisha akasema, "Kwa hiyo nikiacha, mimba inaweza kupona?" Hakuuliza zaidi ya hapo. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mimi niliukuta moyo wangu unamfuata.

Daktari wa hospitali alimlaza. Alitueleza kwamba zebaki ya namna ile huingia kupitia ngozi na kushambulia figo, ndiyo maana mwili unavimba bila presha. Na kwamba hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, ikaweza kuumiza ubongo wake. Figo, alisema, mara nyingi hurudi kama sumu imekatwa mapema. "Na mtoto?" nikauliza. Akatazama kadi ya kliniki. "Anacheza tumboni. Hiyo ni dalili njema. Mengine tutayaona akikua."

Nilirudi ziwani peke yangu, na siku ya kliniki ikafika. Sikuwahi kuogopa ziwa kama nilivyowaogopa wale wanawake waliokaa kwenye mabenchi. Nikainua sabuni ileile juu. "Mama zangu, nilisimama hapa nikawaambia mwoge na hii. Nilikosea. Ina sumu inayoumiza figo za mama na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Adelina amelazwa Mbinga kwa sababu yake. Naomba mnisamehe, na naomba leo hii muiache."

Halafu mama mmoja nyuma akauliza, "Nesi, na wewe ulikuwa unaoga nayo?"

"Ndiyo. Mpaka juzi."

"Ndiyo maana uso umekuwa wa mgeni na mikono imebaki ya kwetu!"

Wakacheka. Walicheka wote, na mimi nikacheka huku kamasi zinanitoka. Kumbe kicheko kile kilikuwa msamaha wao, maana kesho yake walianza kuleta vipande kutoka majumbani, vingine vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mtu mmoja alitaka vitupwe ziwani, mwingine vichomwe moto. Mzee Haule akakataa yote mawili: ziwani tunakunywa na kuvua, na moshi wake ungetuingia kifuani. Akavifunga kwenye debe lenye mfuniko, akavipeleka hospitali ya wilaya. Hilo lishikeni, kukusanya sumu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua mahali pa kuipeleka.

Bwana Hyera nilimwendea mwenyewe. Alikasirika. "Nesi, sasa ni ruksa. Serikali imeruhusu niuze."

"Imeruhusu uuze, Bwana Hyera. Haikukukataza kusoma."

"Mimi Kiingereza sijui."

"Basi nitakusomea."

Alinigeuzia mgongo. Kwa miezi kadhaa hakuitikia salamu yangu, hata kanisani. Lakini wanawake waliacha kununua, na sabuni ile ikatoweka rafuni bila maneno. Sikumbuki siku tuliyopatana. Nakumbuka tu kwamba siku moja alinisogezea boksi jipya la sabuni kwenye kaunta bila kunitazama usoni, nikaligeuza nyuma, nikalisoma, nikamwambia hii haina neno. Akalipanga.

Sasa nyie mnaniuliza, siku hizi si zimepigwa marufuku? Ndiyo, nyingi. Lakini vitu vya kupigwa marufuku vina tabia ya kubadili jina. Mimi nawaambia hivi. Sabuni isiyo na karatasi, kipande kilichokatwa mtu asijue kimetoka wapi, mjamzito asipake. Inayoahidi kung'arisha ngozi, iacheni dukani. Ukiona neno linaloanza na mercu kwenye orodha, au calomel, hiyo ni zebaki, hata kama picha ya mbele ni ya malaika. Na wale wanaojiosha ndani ukeni kwa sabuni au dawa za kuua vijidudu ili mtoto apite pasafi, waambieni kwa upole: nje panatosha, kwa maji. Ndani pana usafi wake wenyewe, ukipasugua unaleta maradhi. Semeni kwa upole, maana mama anayefanya hivyo anatafuta usafi tu, kama Adelina. Na mkisoma kitu, someni mpaka nyuma.

Adelina alirudi baada ya wiki tatu, uso wake umerudi kuwa wake. Nilichemsha mkojo wake kila Jumatatu. Ute ukawa mwepesi, ukawa ukungu, na wiki moja kabla hajajifungua niliushika kwenye mwanga na ulikuwa mwangavu kabisa. Nikakimbia kumwonyesha Mzee Haule kichupa cha mkojo kama mtu aliyeshinda zawadi.

Alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo mbili na nusu kasoro kidogo. Alilia haraka. Bibi Salome alimpokea, akamtazama vidole vyote, akaniambia, "Huyu ataoga kwa maji matupu mpaka nitakaposema mimi." Sikubishana. Wakamwita Neema.

Wengine walisherehekea. Mimi nilianza kungoja. Maneno ya daktari, mengine tutayaona akikua, yalikaa nami kama mwiba. Nilihesabu kila kitu. Alifuata kidole changu kwa macho, nikaandika. Aliketi, akiwa amechelewa wiki chache, na wiki zile sikulala vizuri. Alitembea akianguka, lakini watoto wote huanguka. Ila hakusema. Wenzake waliita mama, waliita samaki, waliita jirani. Yeye alitazama tu kwa yale macho yake makubwa. Adelina hakuniuliza kitu, na mimi sikuthubutu kumwambia kitu. Mwaka na nusu ukapita. Miaka miwili ikakaribia.

Siku moja ya kupima watoto ilikuwa zamu yake. Mnaijua ile mizani ya kuning'iniza, na ile kaptula tunayowavisha. Nikamvisha, nikamtundika, mshale ukawa unacheza, nikainama kuandika kwenye kadi. Nikasikia sauti nyembamba juu ya kichwa changu, imekasirika kabisa.

"Nesi, nishushe. Inabana."

Kalamu ikanidondoka. Adelina, aliyekuwa ameshika nguo za mtoto, aliziachia zote chini. Hatukusogea. Mtoto akatutazama kama watu wasiosikia, akavuta pumzi, akarudia kwa sauti ya bibi yake, ile ya kuita mtumbwi ulio mbali:

"Nishushe!"

Nikamshusha.